Kwa nini ndege hugusa chini kabla ya kufika uwanjani?

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, muda mfupi kabla ya kutua kwenye uwanja wa ndege wa Bukoba, mkoani Kagera. Ndani yake walikuwamo watu 43. Walionusurika ni 24. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili.

Wavuvi waliokuwa karibu walifika kwa mitumbwi yao na kuanza kuwatoa abiria. Baadaye wananchi na vikosi vya uokoaji waliifunga ndege kwa kamba na kuivuta kuelekea ufukweni. Siku iliyofuata miili ya marehemu iliagwa katika uwanja wa Kaitaba, mjini Bukoba.

Kila ajali ya namna hii inapotokea, simu hujaa maneno. Mmoja anasema rubani alikosea, mwingine anasema ndege ilikuwa mbovu, wa tatu anasema ni mvua tu. Kila mmoja anashika sababu moja na kuitetea.

Makala haya hayatoi hukumu juu ya Bukoba. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Tunaeleza mambo yanayoweza kuifanya ndege ya abiria iguse chini au maji kabla ya kufika barabara ya kuruka na kutua, kwa kutumia ajali nyingine ambazo uchunguzi wake ulikamilika. Utaona kwamba mara nyingi sababu si moja. Na karibu kila mara kuna swali moja linalojirudia: kwa nini ndege haikuinuka tena mapema?

Ndege inashukaje?

Ndege ya abiria haishuki kama mwewe anayefuata kifaranga. Hushuka taratibu, kwenye mteremko mdogo wa nyuzi 3 hivi. Ikiwa imebakiza kilomita 10 kufika mahali inapotakiwa kugusa chini, inapaswa kuwa juu kiasi cha mita 520. Ikibakiza kilomita 1, iwe juu kama mita 52. Hicho ni kimo cha minazi miwili mirefu, mmoja ukisimama juu ya mwingine.

Sasa tazama hesabu hii. Kwa kuwa mteremko ni mdogo, kosa dogo la kimo huwa kosa kubwa la umbali. Ndege ikiwa chini ya mteremko wake kwa mita 25 tu, na ikaendelea kushuka vilevile, itagusa chini karibu nusu kilomita kabla ya pale rubani alipokusudia. Kama mbele ya uwanja kuna shamba, itagusa shambani. Kama kuna ziwa, itagusa ziwani.

Muda nao ni mfupi. Ndege ya pangaboi, kama ile ya Bukoba, hukaribia uwanja kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa hivi. Ndege kubwa za jeti hukaribia kwa kama kilomita 250. Kwa kasi hiyo, kilomita 1 ya mwisho humalizika kwa sekunde zisizozidi 20.

Sababu ya kwanza: mvua na upepo wa ghafla

Wingu la radi halileti mvua peke yake. Wakati mwingine hewa baridi huanguka kutoka ndani ya wingu, ikafika chini na kusambaa pande zote, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ndege ikiingia hapo hupigwa kwanza na upepo wa mbele, ikanyanyuka kidogo. Sekunde chache baadaye upepo unatoka nyuma. Mabawa yanapoteza nguvu ya kubeba, na ndege inazama kuelekea chini.

Hilo ndilo lililotokea Dallas, Marekani, Agosti 2, 1985. Ndege ya shirika la Delta ilipita chini ya wingu la radi ikiwa inakaribia kutua. Iligonga ardhi kabla ya kufika uwanjani, na watu zaidi ya 130 wakafariki. Baada ya ajali hiyo, Marekani ililazimisha ndege za abiria ziwe na vifaa vya kuwatahadharisha marubani kuhusu upepo wa aina hiyo.

Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanalijua jambo hili kwa namna yao. Usiku, upepo wa nchi kavu hutoka kandokando kuelekea ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji na kuinua mawingu mazito. Alfajiri na asubuhi, mawingu hayo husukumwa upande wa magharibi, uliko mji wa Bukoba. Ndiyo maana mvua za radi za asubuhi si jambo geni huko, na ndiyo maana ratiba ya safari za asubuhi kuelekea upande huo inahitaji taarifa za hewa za uhakika.

Sababu ya pili: rubani haoni, au anaona visivyo

Mvua kubwa huficha barabara ya ndege. Kwa hiyo kila uwanja una kimo cha mwisho: ndege ikifika hapo na rubani bado haoni barabara wala taa zake, sharti aghairi kutua. Ni amri, hata kama anaamini kuwa uwanja uko mbele yake.

Mfano wake ni wa Bali, Indonesia, Aprili 13, 2013. Ndege ya Lion Air yenye watu 108 iliingia kwenye mvua kubwa ikiwa karibu kutua. Ilivuka kile kimo cha mwisho bila marubani kuiona barabara. Uamuzi wa kughairi ulitolewa ndege ikiwa imeshakaribia kabisa kugusa bahari. Ilitua majini. Kwa bahati maji yalikuwa mafupi, na watu wote 108 walitoka hai.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui: macho hudanganya. Maji ya mvua kwenye kioo cha mbele hupindisha mwanga, na rubani anaweza kuamini kuwa yuko juu kuliko alivyo. Barabara nyembamba humfanya afikiri hivyohivyo. Na kupita juu ya maji mengi au juu ya giza, mahali pasipo na nyumba, miti wala taa, humnyima vitu vya kulinganishia kimo. Anayeamini kuwa yuko juu mno hushuka zaidi.

Ili kupunguza udanganyifu huo, viwanja vingi huwekewa taa nne kando ya barabara. Rubani akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko kwenye mteremko sahihi. Zote zikiwa nyeupe, yuko juu mno. Zote zikiwa nyekundu, yuko chini mno. Viwanja vikubwa vina pia mitambo ya redio inayoionyesha ndege mteremko hata katikati ya mawingu. Viwanja vingi vya mikoani havina mitambo hiyo, na hapo mzigo mkubwa zaidi unabaki kwa rubani na macho yake.

Sababu ya tatu: kipimo kimoja kisicho sahihi

Kipima kimo cha ndege hutumia mgandamizo wa hewa. Mgandamizo hubadilika kila siku na kila mahali, kwa hiyo kabla ya kutua marubani hupewa namba ya siku hiyo na kuiingiza kwenye kifaa. Namba ikiwa na makosa, kifaa kitasema uongo bila kuonyesha dalili yoyote ya ubovu.

Mei 23, 2022, ndege aina ya Airbus A320 ilikuwa inakaribia kutua kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, karibu na Paris, Ufaransa. Namba sahihi ilikuwa 1001. Mwongozaji ndege aliitaja kuwa 1011. Tofauti ya 10 tu iliwafanya marubani waamini kuwa wako juu kuliko ukweli kwa zaidi ya mita 80. Kulikuwa na mvua na hawakuiona barabara. Walipofika kwenye kimo walichodhani ndicho cha mwisho, wakaghairi na kuinuka. Wachunguzi walikuta kwamba ndege ilifika mita 2 hivi kutoka ardhini, ikiwa bado zaidi ya kilomita 1 kufika uwanjani. Hakuna aliyeumia, kwa sababu marubani waliitii sheria ya kughairi.

Amsterdam, Uholanzi, mambo yaliishia vibaya. Februari 25, 2009, ndege ya Turkish Airlines aina ya Boeing 737 ilikuwa inashuka ikiwa na watu 135. Kipimo kimoja cha kimo, upande wa kushoto, kiliharibika na kuonyesha kuwa ndege imeshafika chini, wakati ilikuwa bado juu kwa mamia ya mita. Mtambo unaoongoza injini ukaamini kuwa ndege inatua, ukapunguza nguvu. Kasi ikaanza kushuka. Marubani hawakuligundua hilo kwa wakati. Ndege ilianguka shambani kama kilomita moja na nusu kutoka uwanjani, na watu 9 wakafariki, wakiwamo marubani watatu waliokuwa mbele.

Unaweza kuuliza: hapo kosa ni la kifaa au la binadamu? Jibu ni vyote viwili. Kifaa kilidanganya, na waliokuwa na uwezo wa kuushtukia udanganyifu huo walichelewa.

Sababu ya nne: injini kukosa nguvu

Watu wengi hufikiria sababu hii kwanza, lakini ni adimu kuliko wanavyodhani. Mfano unaojulikana zaidi ni wa London, Januari 17, 2008. Ndege ya British Airways aina ya Boeing 777 ilikuwa imetoka Beijing na watu 152, na ilikuwa imepita kwenye baridi kali kwa saa nyingi. Ikiwa imebakiza kilomita 3 hivi kufika uwanja wa Heathrow, ilihitaji nguvu zaidi, na injini zote mbili hazikuitikia.

Mafuta yalikuwamo ya kutosha. Tatizo lilikuwa barafu ndogondogo iliyojikusanya ndani ya mabomba ya mafuta, kisha ikabanduka na kuziba kifaa cha kupasha mafuta joto kabla hayajaingia kwenye injini. Nahodha alipunguza kidogo vibawa vya nyuma ya mabawa makubwa ili ndege isikwamishwe sana na hewa. Hatua hiyo iliisaidia kufika mbele zaidi kidogo. Ndege iligusa kwenye majani, mita 330 kabla ya barabara. Hakuna aliyefariki. Baadaye kifaa kile kilitengenezwa upya ili kisizibike tena kwa barafu.

Sababu ya tano: kasi kupotea wakati anga ni safi

Usidhani ajali hizi hutokea kwenye mvua tu. Julai 6, 2013, mjini San Francisco, Marekani, jua lilikuwa linawaka. Ndege ya Asiana kutoka Korea Kusini, yenye watu 307, ilikuwa inatua. Mtambo wa redio unaoonyesha mteremko ulikuwa umezimwa kwa sababu ya ujenzi uwanjani. Nahodha aliyeirusha alikuwa bado anajifunza aina hiyo ya ndege. Marubani waliamini kuwa mtambo unalinda kasi, kumbe haukuwa unalinda.

Ndege ilitakiwa kuwa na kasi ya kama kilomita 254 kwa saa. Ilipogonga ukuta wa bahari ulio mbele ya uwanja, ilikuwa na kama kilomita 190. Mkia ulikatika. Watu 3 walifariki. Wachunguzi walieleza kuwa wawili kati yao hawakuwa wamefunga mikanda na walirushwa nje ya ndege.

Kwa nini hawakuinuka tena?

Ukiziweka ajali hizi pamoja, utaona tofauti kubwa: mvua hapa, kifaa kibovu pale, barafu kwingine. Ukiondoa ile ya Heathrow, ambako injini hazikuwa na nguvu ya kuinua chochote, na ile ya Paris, ambako marubani walighairi, zinazobaki zina jambo moja zinalofanana. Kulikuwa na dakika au sekunde ambazo kughairi kungeweza kubadili matokeo, na zikapita.

Mashirika mengi yana sharti linaloeleweka vizuri. Ndege ikifika mita 300 hivi kutoka ardhini kukiwa na mawingu, au mita 150 anga likiwa wazi, kila kitu kiwe kimekaa sawa: kasi, mteremko, magurudumu na nguvu ya injini. Kimoja kikiwa hakijakaa sawa, rubani aongeze nguvu, apae, azunguke na kujaribu tena au aende uwanja mwingine.

Sharti ni rahisi kulisema. Kulitimiza ni kugumu zaidi, kwa sababu binadamu aliyekaribia kufika anataka kufika. Uwanja ameshauona, au anaamini kuwa atauona sekunde ijayo. Akili hushika jambo moja na masikio hufunga. Septemba 28, 2018, ndege ya Air Niugini ilianguka kwenye maji kabla ya uwanja wa Chuuk, huko Micronesia. Mtambo wa tahadhari ulikuwa umewapigia marubani kelele mara 13 kwamba wako chini mno. Waliendelea kushuka. Kati ya watu 47, mmoja alifariki. Wengine walitoka hai, wengi wao wakichukuliwa na boti ndogo za wenyeji, kama ilivyokuwa Bukoba.

Kuna pia shinikizo la nje. Kuzunguka hula mafuta, na mafuta ni fedha. Kwenda uwanja mwingine kunavuruga ratiba ya siku nzima. Na abiria nao wanachangia: ndege ikighairi kutua Bukoba na kwenda Mwanza, wapo watakaonung'unika kuwa rubani ni mwoga au shirika halijali. Rubani anayasikia hayo, na rubani msaidizi mwenye cheo kidogo huyasikia zaidi, hasa pale inapombidi amwambie mkubwa wake: tughairi.

Kwa hiyo, kusema "rubani alikosea" si mwisho wa maelezo. Ni lazima tuulize kwa nini alikosea. Je, alikuwa na taarifa ya hewa ya dakika hiyo? Uwanja ulikuwa na taa za kumwonyesha mteremko? Mwenzake alikuwa na uhuru wa kumpinga? Shirika lake humpongeza anayeghairi, au humwita ofisini kujieleza?

Uchunguzi hufanywaje?

Kwa utaratibu wa kimataifa, nchi ambako ajali imetokea ndiyo inayoongoza uchunguzi, na nchi iliyotengeneza ndege hushiriki. Ndege iliyoanguka Bukoba ilikuwa aina ya ATR, inayotengenezwa Ufaransa. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 pale inapowezekana. Wachunguzi husoma visanduku viwili: kimoja hurekodi mwenendo wa ndege, kingine sauti za chumba cha marubani. Lengo lao, kwa mujibu wa utaratibu huo, si kumpata wa kulaumiwa. Ni kuzuia ajali nyingine.

Ndiyo maana ujumbe unaosambazwa simuni saa mbili baada ya ajali, ukitaja sababu kwa uhakika, hauna msingi. Visanduku vinakuwa bado havijafunguliwa.

Wewe ufanye nini?

Ukiwa abiria, funga mkanda mpaka ndege isimame kabisa. Mfano wa San Francisco unatosha. Kabla ya kuruka, hesabu viti kati yako na mlango wa dharura ulio karibu nawe, maana ndani ya maji au moshi utautafuta kwa mikono.

Ndege ikianguka majini, vaa jaketi la kuokolea lakini usilijaze upepo ukiwa ndani. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175, waliofariki ni 125. Baadhi ya abiria walijaza majaketi yao mapema, maji yalipoingia wakanyanyuliwa hadi darini na wakashindwa kuifikia milango.

Ukiwa mkazi wa karibu na uwanja ulio kando ya ziwa au bahari, ulizeni kwenye mikutano ya vijiji na mitaa: boti ya uokoaji iko wapi, ina mafuta, wazamiaji wako wapi, na wavuvi wamefundishwa namna ya kufungua mlango wa ndege? Bukoba na Chuuk zimeonyesha kuwa wenye mitumbwi hufika mapema, kwa hiyo ni haki yao na ya abiria kwamba wafundishwe.

Na siku ndege yako itakapokaribia kutua, kisha injini zikanguruma ghafla na ikapaa tena, usimlaani rubani. Utachelewa saa moja, au utalala mji usioukusudia. Piga simu nyumbani uwaambie hivyo.